Taulo Begani

Kambini, 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na baba mfikishie shikamoo yangu.

Mimi mzima, nanenepa tu. Mpishi wa kambi anasema mimi ndiye mchezaji pekee anayemaliza msimu jezi ikimbana. Wenzangu wanacheka na mimi nacheka nao, maana usipocheka watu husema una kinyongo.

Najua utakachouliza. Hapana, Jumapili sikucheza. Golini yuko Nahodha, na Nahodha ni chuma, tangu nije hapa hajavunjika hata ukucha. Kazi yangu ni ile ile. Kabla ya mechi nampasha misuli, namrushia mipira ya juu, ya chini na ya pembeni mpaka atoke jasho. Halafu yeye anaingia kwenye shangwe, mimi naenda kukaa na daktari na chupa za maji. Siku hizi daktari ananisimulia mpaka ugomvi wake na mashemeji zake.

Sasa sikia habari njema. Meneja wa timu ya Karakana, hapo hapo nyumbani, ameniandikia. Anataka nirudi nimlindie mlango, kipa namba moja, si wa akiba. Mkataba wangu hapa unakwisha mwezi wa tano. Ukiisha tu nafunga virago. Nitalala chumba changu cha zamani, na baba nitamshika mkono mwenyewe mpaka uwanjani, akapapase yale magoli aliyoyachomelea ujanani. Umembeba mzee peke yako vya kutosha, dada. Mwambie shemeji avumilie kidogo. Nikifika, wewe unamfuata mumeo.

Subira huvuta heri.

Mdogo wako,
Gundi


Nyumbani, 15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta na kaptura za shule zimejaa mezani. Nimeacha sindano ndani ya kitambaa, nikasoma nimesimama, nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Baba hajambo. Macho ndiyo hayo, yalikwenda na moto wa kuchomelea, lakini masikio yamekuwa makali kama ya paka. Kila Jumapili anapakata redio. Mtangazaji akianza kutaja majina ya wanaoanza, mimi sina ruhusa hata ya kukanyaga cherehani. Akisikia tu golini yupo Nahodha, anazima. Mechi yenyewe haina maana kwake. Fundi saa wa jirani humtania, “Mzee, hivi mwanao ni mchezaji au analinda benchi lisiibiwe?” Baba hucheka, ila kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Shemeji yako ameandika tena kutoka huko kwenye pampu zake za maji. Amepewa nyumba ya kazi, vyumba viwili na uwanja wa nyuma, na anatutaka wote, mimi na baba. Mimi ningekwenda hata kesho. Baba ndiye hataki. Anasema, “Kijana akirudi akute mlango umefungwa? Atapokelewa na nani?” Basi tupo. Baba anakungoja wewe, mimi namngoja baba, mume wangu ananingoja mimi. Tumefungwa kamba moja sote, na ncha umeishika wewe.

Barua yako nimemsomea. Ya kunenepa nimeyaruka, ya kurudi nimeyasoma mara mbili. Toka jana anaimba imba.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini kwa mwezi wa tano tutajikaza.

Dada yako


Kambini, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usinikasirikie kwa ukimya. Suala la kuondoka bado halijajibiwa. Katibu wa klabu alikuwa safarini, aliporudi akawa na kikao, kikao kilipoisha akawa na mgeni. Unawajua wakubwa.

Lakini nina jambo la kukufurahisha, na usimwambie mtu. Unasikia Nahodha anavyosifiwa kwa kudaka penalti? Magazeti yanamwita mchawi. Dada, mchawi ni mimi.

Kwa kukaa nje nimewasoma wapigaji wote wa ligi hii. Naona mtu anavyouweka mpira chini, nyonga zake zinavyokaa, jicho lake linavyokimbilia kona na kurudi kwa aibu. Hanidanganyi mtu. Ikitokea penalti nainuka kama ninayepasha misuli, nakwenda nyuma ya goli letu na taulo. Nikiliweka bega la kulia, aende kulia. La kushoto, kushoto. Nikilizungusha shingoni, asiondoke katikati. Nahodha anainama kama anavuta soksi, ananiibia jicho, halafu anachupa. Wiki iliyopita alidaka nyingine, uwanja mzima ukaimba jina lake. Alipotoka alinikumbatia mimi kabla ya kocha. Nililia, sikufichi. Nilisikia kama nimedaka mimi.

Nilianza mambo haya ili waione akili yangu waniingize golini. Wataiona tu. Kocha anajua, Katibu anajua. Heshima imeongezeka, hata mezani siku hizi napakuliwa wa kwanza.

Mwambie baba asichoke.

Gundi


Nyumbani, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikasonya mpaka uzi ukakatika. Akili ya mpira unayo, tena nyingi. Akili nyingine sijui ulikuwa umekwenda wapi zilipokuwa zinagawiwa.

Hebu tuongee kama watu wazima. Wakikuweka golini wewe, taulo atashika nani? Na wakikuacha urudi Karakana, huyo mchawi wao ataona kwa macho ya nani? Umejenga nyumba kwa mikono yako, ukaikandika kuta zote vizuri, mlango ukasahau. Halafu unaniandikia unijulishe umepakuliwa wa kwanza!

Acha hilo taulo. Penalti ikitokea kaa kwenye benchi, jikune mgongo, mwache mwenzako afungwe kama makipa wote wa dunia wanavyofungwa. Siku hiyo ndiyo Katibu atapata nafasi ya kukusikiliza.

Baba nimemsomea salamu tu. Ameuliza, “Ndiyo hayo? Mbona nasikia karatasi mbili?” Nimemwambia mwandiko wako siku hizi umekuwa mkubwa.

Meneja wa Karakana alipita jana kazini kwangu. Wameweka wavu mpya. Anakungoja wewe tu.

Dada yako


Nyumbani, 20 Juni

Kwako wewe,

Nimekuandikia mara mbili hukujibu, na sasa najua kwa nini.

Meneja wa Karakana amekuja leo. Alivua kofia kabla hajasema neno, nikajua kuna msiba. Nikamwuliza, “Ameumia?” Akasema hapana, mama, afadhali angeumia. Alifunga safari mwenyewe mpaka kwenye klabu yenu akakuombee ruhusa. Katibu akamtolea mkataba mpya akauona kwa macho yake, miaka miwili, na saini ni yako. Umeweka toka mwezi wa tatu. Kwa hiyo siku ile unaniandikia habari za Katibu kuwa safarini, wino wako ulikuwa umeshakauka.

Nilikuwa nimeshika mkasi, nikaikata kola ya mteja pasipo na alama. Meneja alinitazama kwa huruma. Nachukia kuhurumiwa kuliko kutukanwa.

Na mimi kuna jambo nilikuficha, nisikutie presha. Mume wangu amesema mwezi wa tisa ukiisha bila sisi kufika, nyumba ya kazi atairudisha, atahamia bweni la makapera, na nisihangaike kumwandikia tena. Hakusema kwa ukali. Ukali ningeuweza. Mimi nakuficha hili, kumbe wewe ulinificha lako zamani.

Baba sijamwambia. Anapiga msasa kitanda chako. Anapapasa kila mbao kwa vidole kutafuta penye vibanzi, halafu ananiita nihakikishe. Nimehakikisha. Ni laini.

Unataka nini, mdogo wangu? Sema tu, nijue.

Dada yako


Kambini, 29 Juni

Dada,

Ukinikuta nipige, sitainua mkono. Lakini nisikilize kwanza.

Mwezi ule wa tatu Nahodha alinivuta bafuni, akafungulia bomba zote watu wasisikie. Akaniambia magoti yake yamekwisha, anacheza kwa nguvu ya dawa. Fainali ya kombe ni mwezi wa nane, na baada ya hiyo anastaafu, goli ni langu. Kesho yake Katibu akaniambia maneno hayo hayo, karatasi mezani, kalamu imeshafunguliwa. Pale angeinuka nani? Nimekaa nje ya mlango huu ujana wangu wote. Niondoke siku unapofunguliwa, aingie mpita njia?

Nilishindwa kukuambia kwa sababu ya kigelegele chako. Nilikisikia hata ndani ya barua.

Ushauri wako wa kujikuna mgongo nimeujaribu. Mechi ya juzi ikaja penalti, nikakaa. Kocha akanigeukia, kisha daktari, kisha benchi zima. Nahodha akainama kwenye soksi akabaki pale pale ameinama, hainuki, watu wameanza kumzomea. Mtu mzima, dada, ana watoto. Nikaona aibu kumwacha hivyo mbele ya halaiki. Nikaenda na taulo langu. Akadaka.

Mwambie shemeji mpaka mwezi wa nane tu. Baada ya fainali nitakuwa namba moja wa timu kubwa, nitawachukua nyinyi wote mje huku, baba apate hospitali ya macho. Hii mara ya mwisho kukuomba.

Gundi


Nyumbani, 21 Agosti

Mdogo wangu wewe, mdogo wangu,

Nilitaka kukuandikia siku ile ile ya fainali mkono ukakataa. Nakusimulia sasa tulivyokusikia, maana huenda huko hakuna aliyekusimulia vizuri.

Baba aliposikia golini yupo Nahodha alizima redio kama kawaida yake. Nikarudi kwenye cherehani. Mara fundi saa akaingia mbio, hana hata kiatu, anapiga kelele, “Washa, mzee! Washa! Nahodha kabebwa kwa machela! Anaingia Gundi!” Baba akapapasa akakosa swichi, nikawasha mimi.

Tukakusikia. Mtangazaji alikutaja mpaka sauti ikamkauka. Gundi kapangua, Gundi kaufuata miguuni, Gundi kauchomoa kwenye kona ya juu, jamani huyu kijana alifichwa wapi? Nyumba ilijaa watu mpaka dirishani. Fundi saa alikuwa anadaka na wewe, akavunja glasi yangu. Baba alisimama kipindi chote cha pili ameshika kichwa cha kitanda chako. Nilimwambia akae, akaniambia, “Mwanangu kasimama, mimi nikae?”

Halafu zikaja penalti. Mtangazaji akasema sasa tulieni, hapa ni nyumbani kwa timu hii, penalti ndiyo shughuli yao. Ya kwanza ikaingia, akasema kipa hakuruka. Ya pili, hakuruka. Ya tatu akauliza, “Mbona kipa anageuka nyuma, anatafuta nini?” Mimi nikajua. Katika nyumba nzima nilijua peke yangu. Nikatoka nje, sikutaka kusikia zilizobaki.

Niliporudi watu walikuwa wanaondoka wameinamisha vichwa, wakimpa baba pole. Yeye akawa anawakatalia. “Pole ya nini? Leo amecheza. Mmemsikia, amecheza.” Tangu nizaliwe sijamwona na furaha ile.

Na Meneja wa Karakana kaja jana. Nilidhani kaja kunisuta. Amesema kipa asiyefungwa hajazaliwa, na aliyoyasikia dakika zile zote yanamtosha. Bado anakutaka. Msimu wao unaanza mwezi wa kumi.

Wenzako sasa watakuachia, nina hakika, wamekasirika. Waache wakasirike. Njoo. Mume wangu nimemwandikia angoje huo mwezi wa tisa uliobaki. Baba atakupokea mlangoni kama anavyotaka, ukae naye hapa, nami niende. Vyote vimekaa sawa, kwa mara ya kwanza. Njoo nyumbani, mdogo wangu.

Dada yako


Kambini, 4 Septemba

Dada,

Shikamoo. Barua yako naisoma kila siku, pale pa baba na kitanda.

Nikueleze kilichotokea, maana magazeti yameandika nimehongwa. Sikuhongwa. Kila mpigaji nilimjua. Wa kwanza alipouweka mpira nikasema moyoni huyu kulia, na kweli kulia. Wa pili kushoto, na kweli kushoto. Kichwa kilijua, miguu ikawa inangoja kuambiwa. Nikageuka nyuma, pakawa na wavu na watu. Kinyozi hajinyoi, dada, msemo huu tangu utotoni nausikia na leo ndiyo naujua.

Ulisema kweli, wameniachia. Katibu hakunifokea. Alinipa barua ya ruhusa imepigwa muhuri, akasema, “Ukitaka kwenda nenda, hatukushikilii.” Kisha akaniambia Nahodha hatacheza tena, wameleta kipa mpya, mwepesi lakini penalti hazijui kabisa, na wanaona kazi ya kuwanoa makipa inanifaa mimi. Nitapewa chumba cha peke yangu na suti ya mazoezi yenye jina.

Siku ya Alhamisi nilifunga begi. Nilifika getini, mlinzi akafungua lango, akanitakia safari njema. Nikasimama pale. Gari la kwanza likapita, la pili likapita. Mlinzi akaniuliza, “Umesahau kitu, Gundi?” Nikamwambia ndiyo, nikarudi ndani.

Nimejaribu kujiambia ni sababu ya suti, ni sababu ya chumba. Si kweli. Naogopa. Nikija Karakana nitasimama kwenye goli alilochomelea baba, kila Jumapili, watu wote wananijua, na Nahodha wa kumsingizia hayupo, Katibu hayupo. Nikiwa mbovu, ni mimi. Hapa kila mtu husema huyu angekuwa kipa mkubwa, walimbana tu. Hata wapishi wanasema. Nimeizoea hiyo “angekuwa”, dada. Nikiivua nabaki na nini?

Nimekubali kazi yao. Mwaka mmoja tu, nitulie, halafu tutaona. Karakana hawatahama. Mwambie baba mwakani, Mungu akipenda. Najua utapata maneno mazuri ya kumwambia, kama siku zote.

Nisamehe.

Gundi


Nyumbani, 15 Septemba

Mdogo wangu,

Maneno mazuri nimeyatafuta sikuyapata. Nilikaa mbele ya baba na barua yako, nikaanza kuisoma, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nikamsomea yote, neno kwa neno, mpaka lango na magari yaliyopita. Nilipofika pale pa kuogopa nikasita, akaniambia, “Endelea.” Nikaendelea hadi nisamehe.

Nilidhani atalia, nami nilikuwa tayari kulia naye. Akauliza swali moja tu, “Lango lilikuwa wazi?” Nikamwambia lilikuwa wazi, baba. Akasema, “Basi tufungashe.”

Hakusema zaidi. Akaingia chumbani kwako akaanza kukunja blanketi. Mimi niliyemsihi mwaka mzima ahame, niliposikia neno lenyewe nilitaka alimeze tena. Ningependa agome, mdogo wangu. Ningependa aniambie hatoki hapa mpaka urudi.

Kitanda chako amempa fundi saa, ana wageni wengi. Cherehani tumeifunga kwa magunia. Kesho asubuhi tunaondoka, shemeji yako atatupokea stendi. Nina furaha, nisikudanganye, nimeiota nyumba ile na uwanja wake wa nyuma. Na nina uchungu ambao hata jina lake sijui. Vyote viwili vimo, na wala havigombani.

Sijakukasirikia. Nilikasirika mwezi wa sita, ikaisha. Wewe ni damu yangu, na moyo wako naufahamu kuliko wanavyoufahamu hao wanaokupakulia wa kwanza. Lakini kukungoja nimemaliza, na baba amemaliza.

Anwani yetu mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukipata likizo njoo ututembelee, ulale siku mbili tatu kama mgeni, tule, tucheke. Hatutakuuliza tena unarudi lini.

Dada yako